Jina la Zimwi wa Pili

Kipengele cha kumi na nne katika fomu yangu kinauliza jambo moja tu: mtoto anageuka akiitwa jina lake? Mchunguzi anasimama nyuma ya mtoto, hatua mbili, anaita kwa sauti ya kawaida, mara tatu. Visanduku vya kutia alama ni viwili, ndiyo na hapana. Hakuna cha pengine.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwezi wa sita, na hii ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, katika hospitali ya hapa Ioannina, kaskazini mwa Ugiriki, upande unaotazama ziwa. Nilikuwa mmoja wa watu wa utafiti. Wanawake waliokaribia kujifungua kabla ya wiki ya thelathini waliombwa wakubali kuwekewa dripu. Nusu yao walipata chumvi ya magnesiamu, ambayo tunatumaini huukinga ubongo wa mtoto njiti. Nusu nyingine walipata maji ya chumvi ya kawaida. Pakiti zote zilifanana, zimeandikwa namba tu. Mama hakujua amepata ipi, daktari hakujua, nami sijui mpaka leo. Tutajua siku mtoto wa mwisho atakapotimiza miaka miwili na kupimwa. Kazi yangu ilikuwa kuwapima waliofika umri huo. Niliipenda. Kila asubuhi nilikuwa napanga vitofali vyangu vya mbao nikijiambia kwamba mahali fulani kuna mtoto ambaye hajazaliwa, na atatembea kwa sababu ya kile ninachokiandika hapa.

Asubuhi ile ya Novemba ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda mpaka madirisha ya ghorofa ya pili. Evanthia aliingia akiwa amembeba mwanawe, na nyuma yake akaja mama mkwe wake, mzee mwenye kitambaa cheusi kichwani na pai ya mchicha iliyofungwa kwenye taulo.

"Wewe ndiye daktari?" mzee aliniuliza.

"Hapana, bibi. Mimi ni mchunguzi tu. Naitwa Loukia."

"Mchunguzi. Kama polisi."

"Mama, tafadhali," Evanthia alisema.

"Nimesema nini? Naulizia tu. Mjukuu wangu akichunguzwa, nataka kujua anachunguzwa na nani." Akaweka pai juu ya mafaili yangu. "Kula. Umekonda kama uzi."

Mtoto aliitwa Asimina, kama huyo bibi yake, kwa maana kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Alizaliwa wiki ya ishirini na saba akiwa na gramu mia tisa. Sasa alikuwa msichana mwenye mashavu na nywele za kujikunja. Alijenga mnara wa vitofali vinane. Alipata ushanga nilioficha chini ya kikombe. Alinionyesha pua, sikio, goti. Nilikuwa natia alama huku moyo ukinirukaruka, ingawa mchunguzi hapaswi kufurahi wala kusikitika.

Kisha nikasimama nyuma yake, hatua mbili.

"Asimina."

Hakugeuka.

"Asimina."

Alikuwa anavigawa vitofali katika mafungu mawili, taratibu, kimoja huku, kimoja kule.

"Asimina."

Hakuna. Niliangusha kijiko, akageuka papo hapo. Masikio yake yalikwisha pimwa majira ya kuchipua, na faili lilisema anasikia vizuri kabisa.

"Nyumbani huwaje?" niliuliza.

"Hivyo hivyo," Evanthia alisema. "Anakuja akivutwa mkono. Akisikia sahani, anakuja. Jina, hapana."

"Si nilisema?" Bi Asimina alipiga goti lake kwa kiganja. "Ile dawa imemuunguza. Mwambie, Evanthia. Mwambie ulisikia nini siku ile."

Evanthia aliangalia mikono yake. "Joto. Lilianzia hapa kwenye sindano, likapanda mpaka usoni. Kama nimemeza kaa la moto."

"Haya! Na mtoto alikuwa wapi? Si ndani ya moto huohuo? Mwanangu alikuwa njiani na lori lake, mimi nimekwenda kijijini. Nani aliyeweka sahihi? Peke yake! Hata kunipigia simu, hakuna."

Nilitaka kusema kwamba hofu pia huleta joto, kwamba hakuna anayejua pakiti yake ilikuwa na nini. Sikuruhusiwa kuzungumzia hilo wakati wa kupima. Nilimwomba bibi aende akanywe kahawa chini. Alikwenda, akiburuta viatu, akituambia tusiiache pai ipoe.

Mlango ulipofungwa Evanthia aliniuliza, "Ukiandika hapana, itakuwaje?"

"Ataonwa na daktari wa ubongo. Na katika utafiti atahesabiwa na wale wenye shaka."

"Na mimi?"

"Wewe?"

"Mimi nitahesabiwa wapi, dada?"

Nilifungua faili, kujipa kazi. Pale ndipo nilipoona lile nililopaswa kuwa nimeliona mapema. Walikuwa wawili, mapacha. Kwetu mtoto asiyebatizwa bado hana jina. Watu humwita zimwi, kwa mapenzi tu, zimwi wangu, kazimwi kadogo, na manesi wa wodi ya njiti huandika hivyohivyo kwenye kadi za masanduku ya kioo ya kuwatia joto. Zimwi 1. Zimwi 2. Karibu na Zimwi 2 palikuwa na tarehe ya siku ya tatu, na maneno: amefariki, alibatizwa kwa hewa.

Hilo nalo ni la kwetu. Mtoto akiwa anakufa na padri yuko mbali, yeyote aliye karibu humwinua juu hewani mara tatu, akamtaja jina, akamtaja Baba na Mwana na Roho. Inatosha. Mtoto anazikwa kama Mkristo, ana jina.

"Pole," nilisema.

"Walinipigia simu kutoka juu. Nilikuwa sijaweza hata kukaa. Wakaniambia, wa pili anaondoka, aitwe nani? Nikasema jina la mama yangu." Alitazama mlango kama mtu anayehofia kusikiwa, kisha akalisema kwa sauti ndogo mno, akiwa ameinamia skafu yake. "Polixeni."

Mtoto aligeuka.

Alikuwa dirishani, ametupa mgongo, kidole chake kikichora kwenye ukungu wa kioo. Aligeuka mwili mzima, akamtazama mama yake, akangoja.

Evanthia hakuwa amemwona. Mimi nilimwona. Nilijiambia ni bahati. Nilingoja mtoto arudi kwenye kioo chake, kisha, kwa sauti ileile ya kawaida ya kipengele cha kumi na nne, nikasema: "Theodosia." Hakuna. "Kalliopi." Hakuna. "Asimina." Kidole kiliendelea kuchora. "Polixeni."

Aligeuka, akacheka, akanyoosha mikono abebwe.

Kiti cha Evanthia kilianguka. "Usimwite tena," alisema. "Nakuomba. Usimwite hivyo. Hilo jina liko kwenye marumaru ya kaburi. Nimelisugua kwa mkono wangu Jumamosi."

"Nyumbani mnalitaja?"

"Nani alitaje? Mama mkwe hataki jina la maiti mlangoni kwake. Na mimi nikilitaja ndani nitakufa." Alikuwa amemshika mtoto lakini kwa mbali, kama anayeshika kitu cha mwenzake. "Unajua, siku ya kubatizwa kanisani, padri alipotamka Asimina, wote tulicheka kwa furaha, na yeye akatazama mlangoni. Alitazama mlangoni kama anangoja mwenye jina aingie."

Kipengele cha kumi na nne nilikiacha wazi. Kanuni zinaniruhusu kurudia ndani ya siku kumi na nne.

Saa sita nilipanda juu, wodi ya njiti. Sahihi ya siku ile ya tatu ilikuwa ya Bi Areti, nesi aliyekuwa amebakiza miezi miwili kustaafu. Nilimkuta kwenye sinki, ananawa mpaka viwiko, kama wanavyonawa huko kabla ya kugusa chochote.

"Bi Areti, nakuja kukuuliza juu ya mapacha wa Evanthia, wa familia ya Zachos."

Hakugeuka. Maji yaliendelea kutiririka.

"Yupi amekuja?" aliuliza.

"Yupi mwingine angekuja?"

Alifunga bomba. Alijipangusa kidole kimoja kimoja, na niliuona uzee wote ukimshukia usoni wakati anafanya hivyo.

"Anaitikia lile jina," alisema. Hakuwa ananiuliza.

Tulikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kati ya makoti. Alisema haraka, kama mtu aliyekwisha kulisema mara elfu akiwa peke yake. Siku ile alitoka likizo. Alfajiri, kabla hajaingia, sanduku la mtoto wa kwanza lilikuwa limeanza kupoa, kwa hiyo wenzake waliwahamisha watoto: wa kwanza akaingia sanduku la wa pili, na wa pili akapelekwa jingine. Kadi kwenye vioo hazikuhamishwa. Adhuhuri daktari alimwambia kwenye korido: wa pili anaondoka, muulize mama jina. Yeye akapiga simu, akapewa jina, akakimbia.

"Kengele zilikuwa zinalia upande wote. Unajua huko, zikilia zinalia zote. Nikaenda kwenye kadi. Zimwi 2. Nikamtoa na mipira yake yote. Mwanangu, alikuwa mwekundu, mwembamba, wote walikuwa hivyo. Nikamwinua. Mtumishi wa Mungu Polixeni anabatizwa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu alifungua macho. Sijawahi kuona. Alinitazama mimi. Nikasema, jamani, muujiza, anarudi huyu!" Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Ndipo kengele ya nyuma yangu ikawa mlio mmoja tu. Nikaweka huyu, nikafunua soksi ya yule, nikasoma utepe mguuni: Zimwi 2."

"Na hukumbatiza?"

"Alikuwa amekwenda. Maiti habatizwi."

"Ukamwambia mama..."

"Aliniuliza kwa simu: umewahi? Nikasema, nimewahi. Ungesema nini wewe?"

Makoti yalinuka dawa na baridi. Nilikuwa na swali langu la kisayansi, na nililishikilia kama kitasa cha mlango. "Bi Areti, alikaa hapa wiki kumi. Ulikuwa unamwita jina hilo, ukimlisha, ukimbadilisha? Hata kwa kunong'ona?"

"Sikuwahi. Nilimwita zimwi kama wenzangu. Lile jina nililitamka mara moja, wakati namwinua, na baada ya hapo niliogopa hata kuliwaza nikiwa naye karibu."

Siku zilizofuata nilizunguka na jambo hilo. Nilimpigia msimamizi wa utafiti Athene, nikamwuliza tu: familia ikiwa na jina jingine ambalo mtoto analijua, nafanyaje? Alisema nitumie jina ambalo familia inalikubali kuwa lake, na niandike maelezo. Rahisi. Lakini familia italikubali vipi bila kuambiwa? Na nikiwaambia, nitamsafisha aliye hai kwa kumvua nguo aliyekufa. Nilikuwa nimeingia kazi hii ili kumlinda kila mtoto, na sasa mkononi mwangu walikuwa wawili, na jina lilikuwa moja.

Bi Areti ndiye aliyeamua. "Waite," alisema. "Nitasema mimi. Wewe kaa tu pale, nisije nikakimbia."

Walikuja siku ya tisa. Bi Areti hakukaa. Alisimama mbele ya Evanthia akiwa amevaa sare yake, akayasema yote tangu mwanzo, bila kujitetea. Mtoto alikuwa sakafuni na vitofali. Ukungu uleule ulikuwa dirishani, utadhani haukuwa umeondoka wiki nzima.

Evanthia hakulia. "Yule wangu alikwenda bila jina," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka miwili naenda makaburini. Kila Jumamosi nakaa, namwita. Polixeni, mama amekuja. Polixeni, leo kuna baridi." Alimtazama Bi Areti, kisha mimi. "Nilikuwa namwita nani?"

Ndipo Bi Asimina, aliyekuwa amekaa kimya tangu mwanzo, jambo ambalo peke yake lilinitisha, alivuta pumzi.

"Unamwita saa ngapi?" aliuliza.

"Mama?"

"Jumamosi. Pale kaburini. Unaanza kumwita saa ngapi?"

"Sijui. Basi linanishusha saa nne kasoro. Saa nne."

Mzee alifanya ishara ya msalaba, polepole. "Jumamosi saa nne," alisema, "huyu anaacha uji. Anaweka kijiko chini, anasimama, anakwenda mlangoni. Anasimama pale ameweka mkono kwenye mbao. Kila Jumamosi. Nilidhani anakutaka wewe."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Ungesema mama mkwe ameanza kuchanganyikiwa."

Kutoka kwao mpaka makaburini ni mji mzima na kilima. Niliandika sentensi hiyo baadaye kwenye daftari langu, nikaifuta, nikaiandika tena. Nimesoma miaka mitano jinsi sikio linavyopeleka sauti kwenye ubongo. Sina pa kuiweka.

"Kwa hiyo anasikia," Evanthia alisema taratibu. "Wakati wote alikuwa anasikia. Tulikuwa tunamwita kwa jina la mtu mwingine."

"Kwa jina langu," Bi Asimina alisema, na nilijiandaa kwa ugomvi. Mzee alivua kitambaa chake, akakikung'uta, akakifunga upya. Chini ya kitambaa nywele zake zilikuwa chache, nyeupe, kama za njiti. "Na yule mwingine? Anaitwaje sasa?"

"Hana," Bi Areti alisema.

"Hawezi kukaa kule hana. Kule kuna baridi. Mpeni langu."

"Mama, jina lako juu ya kaburi, na wewe bado uko hai!"

"Nimeona. Asante kwa kuniambia." Alimgeukia Bi Areti. "Usinitazame hivyo, wewe. Padri atasema haiwezekani. Mwache aseme, ndiyo kazi yake. Fundi wa marumaru ni binamu yangu, yeye haulizi. Ataandika Asimina, na mimi nikifika, tutabanana." Halafu, kwa sauti tofauti, bila kumwangalia mkwewe: "Nilikuambia umemuunguza. Nilisema mbele za watu."

"Ulisema, mama."

"Nilisema."

Evanthia hakumdai zaidi. Aliniuliza tu kama ile karatasi yangu bado ipo.

Ilikuwepo. Nilisimama nyuma ya mtoto, hatua mbili. Nilikuwa naogopa, nikiwa mkweli, niliogopa kwamba atageuka na niliogopa kwamba hatageuka. Niliita mara moja, Polixeni. Alikuwa na kitofali mkononi. Aligeuka nacho, akanipa.

Nilitia alama. Evanthia alikuwa amesimama begani kwangu, jambo lisiloruhusiwa, akatazama kalamu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ubongo wake?"

"Kwa yote niliyompima, ni mzima."

"Na sahihi yangu?"

"Sijui pakiti yako ilikuwa na nini, dada. Huenda dawa, huenda maji. Ila hukumziba masikio. Hilo naweza kukuandikia."

Aliketi kwenye kiti changu, na hapo ndipo alipolia. Bi Asimina alimsogezea taulo la pai.

Jumamosi iliyofuata waliniomba niende nao. Mtoto alikuja pia, kwa mara ya kwanza. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba misalaba ilijitokeza mmoja mmoja tulipoifikia. Marumaru ya zamani ilikuwa imeondolewa. Mpya bado ilikuwa na vumbi jeupe la fundi kwenye herufi. Bi Asimina alilisoma jina lake juu ya kaburi, akatikisa kichwa, akasema binamu yake hajawahi kunyoosha mstari maishani mwake.

Evanthia alipiga magoti. Alimshika Polixeni mkono kwa upande mmoja. Kwa mkono mwingine aligusa jiwe. Midomo yake ilijaribu mara mbili kabla ya sauti kutoka.

"Asimina," aliita.

"Naam, mwanangu," Bi Asimina aliitika.

Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka sabini. Tulimgeukia sote. Mzee alikuwa amesimama kwenye ukungu, mkono mdomoni, ameshtuka kuliko sisi. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye miti. Kisha aliuteremsha mkono.

"Nimemjibia," alisema. "Bado hajui kusema. Ita tena."